Mgongo wa Baba, Springi za Subaru

Tuta la kwanza tulilovuka na ile Impreza liko mita kama mia mbili kutoka kwenye yadi, pale Kiambu Road. Nililiona mapema, nikashuka hadi gia ya kwanza, nikalikabili kwa pembe kama wanavyofanya wenye magari yaliyoshushwa. Bado tumbo la gari lilikwaruza. Muuzaji, aliyekaa nyuma, akacheka. "Hiyo ni kawaida, boss. Utazoea."

Baba alikuwa amekaa kando yangu na hakucheka. Alikuwa ameshika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, macho mbele, pumzi ameibana kama mtu anayengoja sindano.

Baba ana diski mbili za mgongo zilizoisha. Alifanyiwa upasuaji Nairobi, na kila Alhamisi lazima atoke nyumbani karibu na Maragua aje mjini kunyooshwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa muda mrefu alikuwa anakuja na matatu, kiti cha mbele akibahatika. Akirudi nyumbani analala Ijumaa nzima. Mama alinipigia simu siku moja akasema, "Haya matibabu yanamuumiza kuliko ugonjwa." Hapo ndipo niliamua pesa nilizokuwa nimeweka zinunue gari.

Lakini wacha niseme ukweli wote. Pesa zile sikuziweka kwa ajili ya mgongo wa Baba. Niliziweka kwa ajili ya Subaru. Nina miaka 27. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipogeuka kuwa bili ya hospitali, na tangu siku hiyo nimeishi kwa kuandika: makala, maneno ya matangazo, na, tusidanganyane, insha za wanafunzi wa ng'ambo. Kuna watu huko nje wana digrii nilizowaandikia mimi, mtu asiye na digrii. Katika miaka hiyo nilijiahidi kitu kimoja, kwamba siku moja nitaendesha Impreza ya turbo, ya buluu, yenye ile sauti inayofanya watu wageuke mtaani. Nilipouza pikipiki na kutoa yangu yote kwenye chama, nilikuwa na shilingi 800,000.

Kwa hiyo pale Kiambu Road kulikuwa na watu wawili wanaonunua gari, na wote wawili walikuwa mimi. Mmoja alitaka gari linaloshika kona kama limegundishwa na gundi. Mwingine alitaka gari litakalomfikisha mzee Nairobi bila kumvunja. Na kila mtu niliyemuuliza aliniambia hao wawili hawawezi kununua gari moja. "Ukitaka handling, sahau comfort," beshte wangu mmoja aliniambia. "Gari ya spoti ni ngumu. Ukitaka laini nunua sofa."

Nilienda kusoma. Ndiyo kazi yangu, kusoma vitu vya watu wengine. Na nilichokuta ni kwamba ile sheria ya "ngumu ndiyo haraka" ina historia yake, na historia hiyo ilipopita Kenya ilipigwa chini vibaya sana.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1930, mhandisi Mwingereza anayeitwa Maurice Olley, aliyekuwa amefanya kazi Rolls-Royce, alijiunga na General Motors kule Marekani. Magari ya wakati ule yalikuwa na springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kama vitabu, na za mbele zilikuwa ngumu sana. Watu waliamini ni lazima ziwe hivyo, la sivyo usukani ungetetemeka na gari lingetangatanga. Gari likipita kwenye tuta, pua inaruka, halafu mkia unaruka, halafu pua tena, na abiria wanasukwasukwa kama maziwa ndani ya kibuyu.

Olley alichukua limozini, akalifunga vyuma mbele na nyuma ili aweze kuhamisha uzito na kubadilisha springi apendavyo, kisha akaanza kuwapandisha watu na kuwauliza wanasikiaje. Hiyo ilikuwa 1932. Aligundua kitu ambacho wahandisi wanakifundisha hadi leo: ukiweka springi za mbele ziwe laini kuliko za nyuma, gari linaacha kunesa kama mbuzi. Sehemu ya nyuma inakutana na tuta ikiwa imechelewa, lakini kwa kuwa inarudi haraka zaidi, inaifikia ya mbele, na gari zima linapanda na kushuka likiwa bapa. Ila springi laini mbele hazikuwezekana na ule mhimili mmoja mzima unaounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Ilibidi kila gurudumu liachwe liende njia yake. Kufikia magari ya 1934, Cadillac ilikuwa na magurudumu ya mbele yanayojitegemea.

Kinachonivutia si kwamba Cadillac ikawa ya starehe. Hiyo tungeitarajia. Ni kwamba magari hayo yalishika barabara vizuri kuliko yale magumu. Starehe na ushikaji vilikuja kwa mlango mmoja.

Sababu yake si ngumu kuelewa, na fundi yeyote wa mtaani anaijua hata kama haisemi hivi. Kinachoshika barabara ni tairi. Injini, bodi na usukani vyote vinategemea zile sehemu nne za mpira, kila moja kama ukubwa wa kiganja, zinazogusa ardhi. Gurudumu likikuta tuta, springi laini inakubali gurudumu lipande huku bodi ikibaki mahali pake. Likikuta shimo, inalisukuma chini lifuate ardhi. Springi ngumu haikubali. Inainua gari zima, na gurudumu linaruka. Tairi lililo hewani haligeuzi gari wala halifungi breki. Kwa hiyo kwenye barabara iliyonyooka kama kioo, ugumu unakusaidia kwa kuwa bodi hailali kwenye kona na gari linakuitikia upesi. Kwenye barabara yenye mashimo, ugumu huohuo unakunyang'anya barabara.

Sasa swali la maana kwa mtu anayenunua gari ni hili: wewe unaendesha barabara gani?

Magari yetu ya spoti yanatoka Japani, na hilo si jambo dogo. Kule gari la kibinafsi linakaguliwa na serikali likifika miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi ni ghali, kwa hiyo wengi huuza gari likiwa bado zima. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi. Hapa sheria inakataa gari lenye zaidi ya miaka minane, na soko lilipofunguliwa katika miaka ya 90, meli zilianza kushuka Mombasa na magari ambayo hayakuwahi kuuzwa kwingine duniani. Kati ya 1989 na 2004 makampuni ya Japani yalikuwa yamekubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280. Walipofungiwa kwenye namba hiyo, waliendelea kushindana kwa vitu vingine: turbo, magurudumu manne yanayovuta, springi, shoki. Ndiyo maana kijana wa Rongai anaweza leo kununua, kwa bei ya Vitz mpya kidogo, gari ambalo mhandisi alilikosesha usingizi.

Lakini gari hilo likishafika hapa, tunalifanyia nini? Tunalishusha. Tunatoa springi za kiwandani tunaweka koilova, yaani springi na shoki za kitu kimoja ambazo unazungusha ringi kwa spana gari linapanda au kushuka. Tunaweka rimu za inchi 18 na tairi nyembamba kama mkanda. Ile Impreza ya Kiambu Road, ya 2005, ilikuwa na tairi za 225/35. Nilipiga hesabu nikiwa nimechuchumaa kando yake: ukuta wa tairi kutoka rimu hadi barabarani ulikuwa milimita 79. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na ukuta mrefu zaidi. Zile milimita zilizopotea zilikuwa springi ya kwanza ya gari, springi ya hewa, na zilikuwa zimebadilishwa na urembo.

Kichekesho ni kwamba wengi wetu tunaipenda Impreza kwa sababu ya Safari Rally. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari na Impreza ya buluu. Sikuwa nimezaliwa, lakini nimeitazama ile video mara nyingi kuliko sinema yoyote. Ni juzi tu ndipo nilipoitazama kama mtu anayenunua gari. Tazama nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi. Unaweza kupitisha kichwa. Gari lile limeinuliwa, lina bomba la kupumulia lililopanda hadi paani, na linapoingia kwenye mashimo magurudumu yanapanda na kushuka kama miguu ya mtu anayekimbia, huku bodi ikielea. Hilo ndilo gari tulilobandika ukutani. Halafu tukienda dukani tunanunua kinyume chake.

Na McRae hakuwa wa kwanza kuelewa. Safari ya kwanza ilikimbizwa 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ulikuwa mchezo wa walowezi. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na 1954 watu wa Murang'a, babu yangu akiwamo, waliondolewa kwenye mashamba yao wakasongwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kutoka pale kwenda Nairobi ulihitaji kibali. Yaani kuna watu walikuwa wanaitafuta barabara mbaya kwa raha zao, na kuna wengine hawakuruhusiwa hata ile nzuri. Nikisoma historia ya Safari siwezi kuiruka sehemu hiyo.

Ila mchezo ule haukubaki mikononi mwa waliouanzisha. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932 na alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544. Na hili ndilo linalonifurahisha: lilikuwa gari mitumba. Lilikuwa la timu ya Volvo, likachoka, yeye akalinunua likiwa limetumika, akalitengeneza. Wakati timu za Ulaya zinaleta magari mapya, fundi wa Kenya alishinda na gari la pili.

Kisha zikaja Datsun. Datsun 240Z ilikuwa gari la spoti hasa, viti viwili, pua ndefu, limetengenezwa likilengwa barabara za Marekani. Lilishinda Safari 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilimkimbia Idi Amin. Mwaka ule Mehta alimaliza akiwa sawa kwa alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi watafutiwe njia ya kuwatenganisha. Kwa hiyo msikubali mtu awaambie gari la spoti haliwezi barabara zetu. Liliweza. Lakini lilikuwa limeinuliwa, na kila gurudumu lilikuwa na nafasi ya kutosha kutembea.

Sasa sikiliza ya Porsche. Mwaka 1974 Joginder alishinda na Mitsubishi Lancer, gari dogo la kawaida kwa sura, na nyuma yake alikuwa Björn Waldegård na Porsche 911. Porsche wakarudi 1978 wakiwa wamejifunza. Waliinua 911 hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Fikiria, gari ambalo sifa yake yote ni kulala chini, limeinuliwa kama mbuzi anayetaka kula majani ya mti. Vic Preston Mdogo, Mkenya, alimaliza wa pili. Waldegård alikuwa wa nne. Aliyewashinda wote alikuwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas, na alikuwa kwenye Peugeot 504.

Nilipomsomea Baba sehemu hiyo alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima. Alisema, "Hiyo najua. Nilikuwa nimesimama barabarani."

Baba aliendesha Peugeot 504 miaka 17, kutoka 1984 hadi 2001, Nairobi hadi Nyeri na kurudi. Haikuwa ile ya Nicolas, ambayo ilikuwa ya milango miwili na injini ya silinda sita. Yake ilikuwa stesheni wagoni, zile mlizoziona kwenye picha za wazazi wenu, zilizounganishiwa hapa nchini. Sehemu ya nyuma ilikuwa na mhimili mzima na springi nne, mbili kila upande, kwa sababu Wafaransa walijua itabebeshwa mizigo. Ilibebeshwa. Abiria, magunia ya viazi, kuku, na siku moja, anasema, jeneza.

Nilimuuliza 504 ilikuwa inaendeshwaje. Nilitarajia aniambie ilikuwa pole. Alifikiria, kisha akainua kiganja, akakilaza taratibu upande mmoja. "Inalala kwenye kona," akasema. "Mgeni anaogopa. Anafikiri inaanguka. Lakini ikishalala, imelala. Haikuachi. Unaweza kuingia kona ya Sagana na shimo liko katikati ya kona, na hugeuzi usukani. Gari inameza, inaendelea."

Inameza. Nimesoma vitabu vya wahandisi na sijaona neno bora. Peugeot walikuwa wanatengeneza shoki zao wenyewe badala ya kununua za wengine, na hapo ndipo siri ilipo. Springi laini peke yake haitoshi. Inaponesa bila kitu cha kuizuia unapata mashua, na watu wanatapika. Shoki ndiyo inayoiambia springi: sawa, umeshuka, sasa rudi polepole. Colin Chapman wa Lotus alijenga jina lake juu ya wazo hilohilo. Lotus Elan yake ya 1962 ilikuwa gari jepesi sana lenye springi laini na shoki zilizopimwa vizuri, na hadi leo wanaopenda kona wanaitaja. Kumbe gari la spoti la Mwingereza na matatu ya Nyeri zilikuwa zinaimba wimbo mmoja.

Nikamuuliza Baba swali nililokuwa naliogopa. Kama 504 ilikuwa inameza hivyo, mgongo wake uliharibikia wapi?

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba gari halikuwa lake. Mwenye gari alikuwa anataka hesabu kila jioni, na shoki zikifa hazizuii gari kutembea. Ndiyo shida ya shoki. Injini ikifa gari linasimama, tajiri atatoa pesa. Breki zikifa, hata yeye anaogopa. Lakini shoki zikifa gari linaendelea tu, na anayelipa ni aliyekaa juu yake saa 12 kwa siku. "Miaka kama sita ya mwisho," akasema, "nilikuwa mimi ndiyo shoki."

Kisha 504 zikaisha. Magari ya mitumba yalikuwa yamejaa, Nissan za abiria 14 zikachukua barabara, na Baba akarudi shambani kabla hata ya zile sheria za mikanda na vidhibiti mwendo za 2004. Sikuwahi kuijua sababu ya kweli. Nilikuwa mtoto. Nilijua tu kwamba Baba habebi watoto mgongoni kama baba wengine.

Basi hiyo ndiyo historia niliyokuwa nayo kichwani niliporudi kutafuta gari.

Ile Impreza muuzaji alikuwa anataka 950,000, akashuka hadi 850,000. Nilipomwambia tairi za mbele zimelika upande wa ndani, alisema ni mtindo. Si mtindo. Ukishusha gari bila kurekebisha pembe za magurudumu, juu yanalalia ndani na tairi linalika hapo. Na linapolika hivyo ujue bushi na mikono ya chini nayo imekuwa ikiteseka. Nilimwomba anionyeshe springi za kiwandani. Mtu anayelipenda gari lake huweka vitu vya asili kwenye stoo. Hakuwa nazo. Nilimshukuru, nikaondoka. Nilitembea hadi stendi nikijihisi kama mtu aliyeachwa na mpenzi.

Gari tulilonunua ni Legacy B4 GT spec.B ya 2006. Najua. Rafiki zangu walisema ni gari ya wazee. Lakini fungua boneti: injini ni ndugu wa ile ya Impreza, EJ20 ya turbo, nguvu farasi zilezile 280 kwenye karatasi, magurudumu yote manne yanavuta, gia za mkono. Tofauti iko chini. Kiwandani Subaru waliiwekea shoki za Bilstein, kampuni ya Ujerumani, wakaacha springi ziwe na nafasi ya kutembea. Lilitengenezwa liende mbali kwa kasi likiwa na watu wanne ndani. Mwenye gari wa awali, mwalimu wa shule moja Thika, alikuwa ameweka rimu za inchi 17 na tairi za 215/50. Ukuta wa milimita 107.5. Karibu sentimita tatu zaidi ya ile Impreza. Alikuwa na risiti zote kwenye faili, pamoja na ya mkanda wa injini uliobadilishwa. Tulilipata kwa 700,000, nikabaki na kitu cha bima na matengenezo.

Sitaki kuwadanganya kwamba sikupoteza kitu. Legacy ni zito kuliko Impreza, na ukiligeuza ghafla kwenye mzunguko unasikia linafikiri kidogo kabla ya kukubali. Kuna siku kwenye Southern Bypass, saa kumi na moja asubuhi, lami ikiwa tupu na laini, mtu wa Impreza alinipita kwenye kona ndefu na nikasikia wivu hadi mdomoni. Pale, kwenye lami ile, gari lake lilikuwa bora. Kilomita mbili mbele, barabara ilipobomoka, alikuwa anatambaa akitafuta njia kati ya mashimo, na mimi nikapita nikiwa gia ya tatu. Sikupiga honi. Nilitaka, lakini sikupiga.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue gani, nitakuuliza kwanza umekaa wapi na unambeba nani. Usilijaribu gari kwenye barabara ambayo muuzaji amechagua. Lipeleke kwenye njia yako mbaya zaidi, lile shimo la karibu na kwenu unalolijua kwa jina. Bonyeza kila kona ya bodi kwa nguvu, uachilie: likipanda mara moja na kutulia, shoki ni nzima, likinesa mara tatu, limekufa. Pitisha mkono ndani ya tairi usikie limelikaje. Uliza springi za kiwandani ziko wapi. Na kaa kiti cha abiria, hata kama wewe ndiye mnunuzi. Dereva huwa hasikii gari linavyoumiza, ameshika usukani, amejiandaa. Abiria hajajiandaa.

Alhamisi ya kwanza nilimchukua Baba saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa amemwekea mto wa mgongo. Kabla ya Kenol alikuwa ameutoa akauweka nyuma. Hatukuzungumza sana. Kwenye yale matuta nilikuwa napunguza, gari linapanda, linashuka, basi. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho kile kishikio cha juu ya mlango. Hakukigusa. Tulipofika karibu na Thika alikuwa amefumba macho, mikono iko mapajani, na nikadhani amelala. Sijawahi kumwona Baba akilala ndani ya gari. Nikapunguza hata redio.

Tulipita kiungo kimoja cha daraja, kile kidogo ambacho hata mimi sikukisikia.

"Ya nyuma kushoto," akasema, macho bado amefumba.

"Nini, Baba?"

"Shoki. Inaanza kuvuja. Sikiliza."

Tukapita kingine. Nilisikiliza. Sikusikia kitu.

"Usingoje iishe," akasema. "Tukitoka hospitali tupitie Kirinyaga Road. Nitachagua mimi."